Ua Chini ya Ukurasa

Soko la Burma lilikuwa limefurika siku Khawla aliponaswa. Alikuwa amevaa buibui jeusi na mtandio wa zambarau aliozawadiwa na shangazi yake, akipenya katikati ya wateja wa nyama, mara shingo ikavutwa nyuma. Pindo la mtandio lilikuwa limeingia kwenye zipu ya begi la kijana mmoja mrefu, mwenye kofia nyeupe na macho ya utundu.

"Wee kaka, wanivutia wapi?"

"Mimi? Si wewe ndiye umenikamata, dadangu? Tena mbele ya watu!"

Khawla alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Kumbe kijana huyo, Ridhwan wa mtaa wa Kware, alisoma naye chuo kimoja cha ufamasia, darasa moja, ila yeye alikaa nyuma kabisa. Wiki hiyohiyo akahamia mbele.

Mapenzi yalikolea upesi. Kisha mamake Khawla akaugua, ikabidi binti abaki nyumbani Mbotela kumuuguza. Ridhwan akawa masikio yake darasani. Alikuwa na kalamu inayorekodi: ukiandika inanasa sauti ya mhadhiri, na baadaye ukigusa neno lolote kwenye daftari lake, inakurudishia yaliyokuwa yakisemwa ulipoliandika. Kila jioni alimletea vyote mlangoni.

"Umechora maua tena! Haya ni masomo ya dawa ama bustani?"

"Wewe sikiliza mpaka mwisho, mpenzi."

"Sawa, mwalimu."

Lakini sawa ya mtu anayekesha na mgonjwa huwa ya mdomoni tu. Khawla aligusa vichwa vya mada, na mhadhiri alipoaga darasa akaizima kalamu akalale. Maua hakuyagusa. Maua ya nini tena, na mama anakohoa chumba cha pili?

Kesho yake Ridhwan alipokuja, alimtazama kichwani kabla ya kumtazama usoni. Khawla alikuwa na mtandio mweusi wa kila siku. "Haya, mama apone," kijana akasema, akaondoka. Tangu hapo simu zikapoa.

"Mbona siku hizi wakata haraka, habibi?"

"Niko bize tu, Khawla."

"Bize na nani?"

"Na masomo. Baki na hiyo kalamu mpaka mtihani."

Khawla akaamini amechokwa, yeye na nyumba yake inayonuka dawa. Kuuliza aliona ni kujishusha. Akajikaza kisabuni, akalia peke yake jikoni.

Miezi ikapita, mama akapona. Siku moja ya kujiandaa kwa mtihani, Khawla alishikwa na hamu ya Ridhwan mpaka akaanza kupapasa michoro yake. Ncha ya kalamu ikagusa ua dogo chini ya ukurasa wa mwisho. Zikasikika kelele za viti, kisha sauti ile, ya chini, yenye haya:

"Khawla, nataka kuwaleta wazee kwenu. Uso kwa uso nashindwa kusema. Ukiwa radhi, kesho nikija vaa ule mtandio wa zambarau ulionikamata nao. Usipouvaa nitaelewa, wala sitakuuliza tena."

Alirudia kusikiliza mpaka machozi yakalowesha daftari. Kisha akanawa uso, akautoa mtandio kabatini, akaupiga pasi na kuufunga vizuri. Njia nzima hadi Kware alikuwa na neno moja mdomoni: ndiyo.

Ridhwan alikuwa dukani kwa mjomba wake. Pembeni yake aliketi msichana mwenye hina mbichi mikononi.

"Khawla," Ridhwan akasema, "huyu ni Hayat, wa mtaa wa Lucky Summer. Nikaha ni Ijumaa."

"Karibu, dada," Hayat akasema kwa furaha, akiinua mikono yake isiguse kitu. "Nimesikia habari zako, wewe ndiye bingwa wa darasa. Utakuja, si ndiyo?"

"Inshallah." Khawla akaiweka kalamu juu ya kaunta. "Nimekurudishia. Asante."

Ridhwan hakuitazama kalamu. Alikuwa akiutazama mtandio.

"Umeuvaa," alisema polepole.

Neno la Khawla lilikuwa palepale mdomoni, halijapoa. Akamgeukia Hayat, aliyekuwa bado anamtabasamia na mikono yake ya bibi harusi hewani, akalimeza.

"Ule mweusi nimeufua," akasema. "Haujakauka."