Jina la Kumi na Mbili

Tangazo lilisema mnunuzi aje kuichukua mwenyewe, naye Rudy Kangas hakuwa mtu wa kubishana na tangazo. Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, aliegesha gari mbele ya nyumba ya mbao mwisho wa barabara ya changarawe, kaskazini kabisa mwa Michigan. Giza la Novemba lilikuwa linaingia. Mgongo ulimuuma. Alikaa kidogo nyuma ya usukani, akajiuliza kama kweli bado aliitaka.

Alikuwa ameitafuta miaka tisa.

Ilikuwa kibodi ya kompyuta, ya zamani, ya chuma, nzito kama mtoto mchanga, yenye springi chini ya kila kitufe. Kiwanda kilichozitengeneza kilifungwa kabla ya kufikisha mia mbili. Kwa miaka tisa Rudy alilala na simu chini ya mto, akivizia minada ya mtandaoni, akisubiri sekunde tano za mwisho ndipo atupe dau lake. Mara mbili ilienda Japani huku anaangalia. Mara moja alishinda, akaletewa sanduku lenye matofali mawili. Wakati huo huo alinunua nyingine arobaini ambazo hakuzitaka sana, zikajaa chumba cha chini ya nyumba. Alimwahidi mkewe, Doreen, kwamba hii ndiyo ya mwisho.

"Ulisema hivyo kwa ile ya ishirini," Doreen alimjibu. "Na kwa ile ya thelathini, mzee."

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga. Kikongwe alisimama pale na sweta la mwanamume, mikono imeingizwa kwenye mikono ya sweta. Kwenye mnada alijiita A. Lahti. Jina lake lilikuwa Aune.

"Ndiwe uliyeshinda?"

"Ndimi, mama."

"Watu kumi na wanne walitupa dau. Nilikuwa nawahesabu. Wewe ndiye uliyeitaka kuliko wote."

"Mke wangu anasema ni ugonjwa."

Aune hakucheka.

Kibodi ilikuwa juu ya meza ya jikoni. Ilikuwa imezungushiwa uzi mwekundu wa sufu, mzunguko juu ya mzunguko, na kila mzunguko una fundo. Jikoni kulinukia kahawa. Chini ya kahawa kulikuwa na harufu nyingine... mawe mabichi, maji yaliyotuama. Rudy aliijua. Ndiyo iliyokuwa harufu ya koti la baba yake akirudi kutoka shimoni, mgodini.

"Ilikuwa ya dada yangu, Impi," Aune alisema. "Alikuwa karani wa zamu kwenye mgodi wa Ashby. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika nani anashuka."

"Bado inafanya kazi?"

Kikongwe alikaza fundo moja la uzi.

"Usikate uzi. Usiifungue. Na usiioshe, mwanangu."

"Sawa, mama."

"Sema tena."

"Sitaifungua."

Aliibeba hadi kwenye gari. Kabla hajafika, taa ya kibarazani ilizimwa nyuma yake, na akasikia komeo likirudi. Halafu komeo la pili.

*

Alivumilia hadi Ijumaa mchana.

Hakuna mkusanyaji wa kibodi anayeiacha ilivyo. Wazee hawa wa minada, popote walipo, hufanya kazi ile ile: hung'oa vitufe kimoja kimoja, huvitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu na vidonge vya kusafishia meno ya bandia, kisha hufungua skrubu na kutoa makombo ya mikate ya watu waliokwisha kustaafu au kufa. Rudy alikuwa amefanya hivyo mara arobaini. Alikata uzi kwa mkasi wa jikoni, akafungua skrubu nane, akainua kifuniko.

Ilikuwa imejaa chumvi.

Si ya kumwagika kwa bahati mbaya. Ilikuwa chumvi ya mawe, imeshindiliwa katikati ya springi hadi pembeni, kama mtu anavyofukia kitu.

Rudy aliendesha gari la kusafisha theluji barabarani miaka thelathini na moja. Katika miaka hiyo alimwaga chumvi ya kuyeyusha barafu, tani kwa tani, na alijua inavyokula chuma. Malori matatu yalioza chini ya makalio yake. Alimtukana yule kikongwe kimoyomoyo, akachukua brashi.

Ilimchukua saa mbili. Chumvi ya mwisho ilipozunguka kwenye sinki na kushuka, kitu kilishusha pumzi ndefu.

Aliamini ni bomba.

Aliviacha vipande vikauke kwenye taulo siku mbili. Jumapili alasiri aliiunganisha upya, akaichomeka kwenye kompyuta yake, kule chumba cha chini, kwa waya aliouunga mwenyewe, akafungua ukurasa mtupu. Vitufe vilikuwa safi. Chuma kilikuwa safi. Harufu ya mawe haikuwa imetoka.

Rudy alikuwa na desturi moja. Kila kibodi aliyoifufua, jambo la kwanza kuandikwa lilikuwa jina la mkewe. Wenzake mtandaoni walimcheka. Wao huandika upuuzi wowote ulio na herufi zote. Yeye huandika jina, hurekodi mlio, humtumia Doreen aliyeko juu yake futi nane tu. Doreen humjibu kwa kupiga sakafu mara moja kwa kisigino.

Aliandika: Doreen Kangas.

Mlio ulikuwa mzito, kama mlango wa mbali unaofungwa. Miaka tisa. Alitarajia kufurahi. Alihisi usingizi.

Juu, kisigino kikagonga sakafu. Mara moja.

*

Walikula mikate ya nyama na viazi. Doreen alikula polepole. Mwezi wa Aprili madaktari walimfungua kifua na kumrekebisha moyo, na kwa siku kumi na moja Rudy alilala kwenye kiti cha hospitali. Tangu hapo kila kitu kilimchosha: ngazi, theluji, hata kushinda mnada.

"Sasa umeipata," Doreen alisema. "Utalala?"

"Nitalala."

"Muongo. Kesho utaanza kutafuta kifuniko chake cha vumbi."

Rudy alikuwa anacheka aliposikia.

Tak. Tak-tak. Tak.

Doreen aliweka uma chini.

"Umemwacha nani huko chini?"

Tak-tak-tak. Tak. Haukuwa mlio wa mashine iliyoharibika. Ulikuwa na pumzi ndani yake. Ulikuwa ni mlio wa mtu anayeandika, anasimama kidogo, anaangalia karatasi, anaendelea.

"Waya," Rudy alisema. "Nimeunga vibaya waya."

Alishuka. Kiti kilikuwa kitupu. Vitufe vilikuwa vinashuka vyenyewe, kimoja kimoja, bila haraka. Alichomoa waya.

Vikaendelea.

Kwenye skrini, jina la Doreen lilikuwa limesukumwa hadi chini kabisa. Juu yake paliandikwa:

ASHBY. ZAMU YA ASUBUHI. JUMATATU, SAA MOJA.

Kisha majina. Rudy aliyasoma akashika ukingo wa meza. Aliyajua yote. Kila mtu wa pale anayajua, maana yamechongwa kwenye jiwe mbele ya kanisa la Kilutheri: wanaume kumi na mmoja waliofukiwa shimoni mwaka themanini na sita.

La kumi na mbili lilikuwa Doreen Kangas.

Alibonyeza kitufe cha kufutia. Herufi zilitoweka, zikarudi. Alifuta tena. Zikarudi. Akaifunga kompyuta, akaifungua. Jina lilikuwa pale pale.

Simu ya Aune Lahti iliita mara moja tu.

"Umeiosha," Aune alisema.

"Mama, hii ni nini?"

"Umeandika jina la nani?"

Rudy alisikia saa ya ukutani ikitembea kule kwake.

"Walikuwa washuke kumi na wawili," Aune alisema, kwa sauti ya chini. "Impi aliota ndoto. Alfajiri akafuta jina moja, akamwambia mwenye nalo abaki nyumbani. Alikuwa mume wangu. Wale kumi na mmoja wakashuka. Tangu hapo orodha haijatimia, na Impi hakukaa mbali na kibodi hadi siku tuliyomtoa mezani amekufa."

"Kwa nini hukuichoma?"

"Niliitia kwenye tanuri la sauna. Asubuhi nikaikuta juu ya benchi, haina hata moshi. Nikaifunga kwa uzi na chumvi, mume wangu akaishi. Alikufa mwaka jana, kitandani, miaka themanini na saba. Mimi nimechoka, mwanangu. Haikubali kutupwa wala kutolewa bure. Inamfuata mtu anayeitaka."

"Nifanye nini? Ni mke wangu."

Pumzi ya kikongwe ilikwaruza kwenye simu.

"Nafasi haiwezi kuachwa wazi tena. Lakini mgodini watu walikuwa wanabadilishana zamu. Mmoja anaingia kwa ajili ya mwenzake. Karani anafuta hili, anaandika lile."

Akakata.

Rudy alikaa kwenye kiti. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Alifikiria mgongo wake. Alifikiria siku zile kumi na moja kwenye kiti cha hospitali. Hakufikiria kwa muda mrefu.

Alifuta jina la Doreen, na kabla halijarudi akaandika: Rudy Kangas.

Alisubiri. Jina la Doreen halikurudi. Vitufe vilitulia. Harufu ya mawe ikasogea, ikasimama karibu na bega lake, kama mtu anayesoma.

"Umerekebisha?" Doreen aliuliza aliporudi juu.

"Nimerekebisha."

"Mbona umenikumbatia kwa nguvu hivyo? Kifua changu, Rudy."

Hakumwambia. Alijua akimwambia, Doreen angeshuka ngazi zile kwa moyo wake ule na kujiandika upya. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Walilala mapema. Rudy aliushika mkono wake, akaitazama dari, akipanga namna ya kukaa macho hadi saa moja asubuhi. Lakini uchovu wa miaka tisa ulikuwa ukimngojea, na ulimchukua mara moja.

*

Aliamshwa na harufu ya kahawa.

Saa ya kitandani ilisema saa moja kasoro dakika tisa. Alipapasa upande wa pili. Shuka ilikuwa baridi. Alijigusa kifua, shingo, uso. Alikuwa hai. Mgongo haukumuuma, na hilo lilimtisha zaidi.

Doreen alikuwa jikoni, amempa mgongo, anamimina kahawa. Nje theluji ilikuwa inaanguka bila upepo.

"Umelala kama gogo," alisema. "Nimeamka saa kumi na moja, nimefua nguo zote. Hata hukusikia mashine."

Mashine ya kufulia ilikuwa kule chini. Hatua tatu kutoka kwenye meza ya kibodi.

"Dori," Rudy alisema. "Uligusa kitu?"

"Nilijua utauliza." Alikuwa anatabasamu, alilisikia tabasamu kwenye sauti. "Niliona skrini inawaka. Orodha ya majina, sijui umeitoa wapi, halafu jina lako chini. Nikasema, mzee huyu amechoka mpaka amesahau desturi yake. Arobaini zote zimeandikwa jina langu, hii uliyoitafuta miaka tisa ndiyo uniache? Nikalifuta, nikaweka langu."

"Lilifutika?"

"Mara moja. Na ina mlio mzuri, Rudy. Sasa nimekuelewa."

Saa moja kasoro dakika nne.

Rudy aligeuka kuelekea ngazi. Kutoka chini ulipanda mlio mmoja tu, mzito, wa kitufe kikubwa kile ambacho karani hubonyeza akimaliza ukurasa.

Tak.

Akageuka tena. Ndipo akaona miguu ya mkewe.

"Mbona umevaa buti?"

Doreen alitazama chini. Zilikuwa buti za Rudy za kazini, zimefungwa kamba hadi juu. Alikuwa na koti pia.

"Sijui," alisema taratibu. "Nilifikiri natoka."

Toka upande wa Ashby, ng'ambo ya msitu, king'ora cha zamu kikalia.

Mgodi ulifungwa mwaka ule ule wa themanini na sita. King'ora chake kipo kwenye jumba la makumbusho la mji, nyuma ya kioo.

"Ndicho hicho," Doreen alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akikisubiri. Akaweka kikombe mezani, akafunga kifungo cha juu cha koti.

Rudy akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nje, kibarazani, mtu alikung'uta theluji kwenye buti zake. Kisha mwingine. Kisha mwingine, bila haraka, kama watu wanaopitia njiani kumchukua mwenzao. Rudy hakutaka kuhesabu.

Alihesabu.

Walipofika kumi na mmoja, kukawa kimya.