Mgeni wa Ukumbi wa Kufumia

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, saa saba na dakika kumi na mbili mchana. Saa hiyo haikukisiwa: imo katika picha ambayo Were aliipiga kwa simu yake, na kivuli cha bomba la moshi kinachoonekana humo ni kifupi kama cha mtu aliyechuchumaa. Wanaosimulia kwamba mambo haya yalianza usiku wa manane, mvua ikinyesha, hawakuwapo. Jua lilikuwa kali.

Vijana watatu walikuwa wameingia katika kiwanda cha nguo kilichofungwa kabla hawajazaliwa, bondeni, upande wa barabara ya kwenda Malava. Muhonja alikuwa akisomea ushonaji mjini Kakamega, naye alitamani kupaona mahali ambapo nyanya yake, Nabwire, ambaye nyumbani aliitwa Kukhu, alisokota nyuzi kwa miaka kumi na tisa. Griffin, binamu yake waliyelelewa pamoja, alikuja kwa ajili ya mzaha. Rafiki yao Were alikuja kwa ajili ya picha.

Mashine zote zilikwisha kung'olewa. Sakafuni zilibaki alama za miguu yake ya chuma na kinyesi cha popo. Jambo moja tu lilimsumbua Muhonja. Madirisha yalizibwa kwa mbao, upepo haukuwapo, lakini hewani zilielea nyuzinyuzi za pamba, nyeupe, laini, zisizotua. Pamba hiyo ilitoka wapi?

"Tule twende," akasema.

Wakaketi, wakafungua mahindi ya kuchemsha na vipande vya kuku. Kwao mtu hali mbele ya wengine bila kuwakaribisha. Mtoto hufunzwa hilo kabla ya kufunzwa kuoga. Griffin akainua paja la kuku, akaugeukia ukumbi mtupu.

"Karibuni chakula, nyinyi wa zamu ya mchana! Msione haya!"

Were akacheka. "Watakumalizia hiyo ingokho, msee."

"Wacha waje. Kukhu alitufunza adabu."

Kicheko chao kilirudi kutoka mwisho wa ukumbi, kisha kikakatika kabla wao wenyewe hawajamaliza kucheka. Zile nyuzi za pamba zikaanza kutua, polepole, zote mahali pamoja, kati ya Griffin na Muhonja, pale ambapo mtu wa nne angeketi.

Tangu siku ile Griffin akawa hashibi. Alipakuliwa obusuma, ugali wa kwao, akaongezwa, akakomba sufuria, na bado mbavu zake zilizidi kuhesabika. Siku ya tano alikohoa mezani, akatoa kinywani kitonge cha pamba. Kilikuwa kikavu. Hospitalini waliyaona mapafu yake safi. Mchungaji aliomba hata sauti ikamkauka, na alipokaribishwa chai alikuta kikombe chake kimekwisha kunywewa.

Muhonja ndiye aliyeligundua lile dogo lililowapita wengine: kila alipoketi kula, Griffin alisogea kidogo kwenye benchi.

"Unampisha nani?" akamnong'oneza.

"Sijui, dada." Akasogea tena. "Lakini nisipompisha, ananiegemea."

Kukhu, aliyekuwa amewasikia, aliuweka mwiko chini. "Mlimkaribisha yule wa kiwandani?"

"Griffin alimkaribisha, Kukhu. Ulikuwa mzaha."

"Mzaha! Miaka kumi na tisa tulikula nje, juani, na mvua ikinyesha tulishinda njaa. Hakuna aliyefungua chakula mle ndani. Yule si mfu, ni jini. Alikuwapo kabla ya kiwanda." Akashusha sauti. "Na mgeni uliyemwita kwa kinywa chako hafukuzwi. Husindikizwa. Mkiagana naye, asiwepo wa kumwambia karibu tena."

"Na tusipomsindikiza?"

"Atakula mpaka aliyemwita aishe."

Jumamosi iliyofuata, saa saba, wakatoka, Kukhu mbele, Muhonja akimshika Griffin mkono mmoja, na mkono wa pili wa Griffin ukining'inia mbali na mwili kana kwamba nao umeshikwa. Langoni mwa kiwanda Kukhu akasema, "Umekula. Nyumba yako ni hii. Mulembe, kaa kwa amani." Griffin alijiziba kinywa kwa kiganja, maana lile neno la mazoea lilikuwa limeshafika ulimini.

Wakageuka. Walitembea bila kutazama nyuma, kati ya miwa iliyosimama kimya, na Muhonja akahesabu vishindo vya Kukhu, na vya Griffin, na vyake mwenyewe, akavihesabu tena kwa kuwa havikulingana, na harufu ya mafuta ya mashine ikawafuata, na kila walipoharakisha vile vishindo vya ziada viliharakisha pia, kwa upole, bila kuwapita, hadi walipofika kwenye daraja dogo la mto, ndipo vikasimama.

"Ole wangu," Kukhu akanong'ona. "Ana adabu."

Maana kwao mgeni aliyesindikizwa vizuri naye hugeuka akamsindikiza mwenyeji wake kidogo. Na aliyerudishiwa hatua hizo hudaiwa nyingine: lazima amsindikize tena.

Jioni ile Griffin aliisukuma sahani. "Nimeshiba," akasema, akalia.

Watu wa sokoni husema jini yule alifukuzwa. Hakufukuzwa; aliagwa vizuri mno. Husema pia kwamba Muhonja ana mchumba ng'ambo ya mto, ndiyo sababu kila Jumamosi saa saba huonekana akivuka daraja. Hana. Hulipa deni la Griffin: humkuta mgeni pale darajani, humrudisha hadi langoni, naye mgeni humsindikiza hadi darajani. Mwenye macho ataona jinsi binti yule anavyotembea kando ya njia, akimwachia mtu nafasi.

Wala si kweli kwamba hajakosa hata siku moja. Alikosa mara moja, alipougua malaria. Jioni hiyo, mezani, Griffin alisogea kidogo kwenye benchi.