Hakupelekewa Habari

Uji ulipoa ukiwa bado motoni. Faidha alionja kwa upawa kujua kama sukari imekolea, akasikia baridi inamgonga meno, na huku gesi inawaka vizuri na sufuria yenyewe haigusiki kwa joto. Akadhani ni usingizi. Akauacha uchemke tena, wateja wakaja wakanywa wakaenda zao, naye akalisahau jambo lile.

Mgahawa ulikuwa mpya. Jengo zima lilikuwa jipya, na Newala yote ilikuwa inaringa nalo. Pale palipokuwa na vibanda vya miti na mabati, ambapo mvua ikinyesha unakula ugali umekunja suruali, sasa zilisimama fremu zenye milango ya vioo na sakafu ya vigae: saluni, duka la simu, kuku wa kukaanga, na taa za rangi juu yake. Watu walitoka Masasi kuja kupiga picha. Mnasema ni maendeleo. Haya, ni maendeleo, nani kakataa? Ila tingatinga halipigi hodi, na waliokuwa wakiishi pale hawakuwa watu peke yao.

Mama yake Faidha, Bi Esha, alipika mahali pale maisha yake yote ya utu uzima. Kila alfajiri, kabla mteja hajaingia, alichota upawa wa kwanza wa uji akaumwaga taratibu kando ya mafiga, akasema maneno mawili matatu ya Kimakonde kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mkwewe. Faidha alikulia kwenye moshi ule, akasikia, hakuuliza.

Bi Esha alipougua kifua, alipandishwa bodaboda pale pale kibandani. Aliaga, akiyatazama mafiga yake, kwamba anakwenda kujitazamia na atarudi. Hakurudi. Vibanda vilivunjwa na jengo likajengwa yeye angali mgonjwa, akafia hospitali asubuhi ambayo Faidha alikuwa kwenye foleni ya kugawiwa fremu, kwa kuwa asiyeitika jina lake siku ile nafasi yake ilikuwa inakwenda kwa mwingine. Walimzika kwao Chilangala. Mjomba akatuma watu nyumba kwa nyumba kupeleka habari, kama tunavyofanya huku kwetu, maana kumruka ndugu kwenye habari ya msiba ni kumwambia si ndugu tena. Walipelekewa hata wale waliogombana na marehemu. Faidha hakukaa matanga. Kesho yake alikuwa mjini anasimamia mafundi wa vigae. Hakulia pia, alisema atalia akipata nafasi.

Baada ya uji kupoa, ikaja harufu. Moshi wa kuni, mzito, kwenye jiko lisilo na ukuni hata mmoja. Kisha sauti. Julia, mwenye saluni ya jirani, alikuja asubuhi moja na kitana mkononi akauliza nani anakwangua chungu huko ndani, maana wateja wake wanalalamika. Faidha akamwonyesha masufuria yote yameoshwa, yamefunikwa. Wakatega masikio wote wawili, wakasikia chini ya miguu yao, chini ya vigae, upawa unakwangua chungu, taratibu, hauna haraka, kama mtu anayehangaikia ukoko wa mwisho kwa ajili ya mtu aliyechelewa. Julia alifanya ishara ya msalaba akarudi kwake. Faidha akafungulia redio.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Esha, somo wa bibi yake, hajaanza hata chekechea. Baba yake yuko Masasi kwenye ghala la korosho, anarudi mara moja moja, kwa hiyo mtoto alishinda mgahawani na mama yake. Ndugu yangu, hapa ndipo moyo unapouma. Mtoto alianza kukataa chakula. Akipewa chapati anasema ameshiba, bibi amemlisha. Faidha alimgombeza, akambembeleza, akamnunulia soda. Siku moja mchana, watu wamejaa, alipita na sinia la wali, akamwona mwanawe amekaa kwenye kona, mgongo ameuegemeza ukutani, anafungua kinywa, anafunga, anatafuna, anameza, anafungua tena, na mbele yake hakuna mtu wala kijiko, ila shavu lake linabonyea kila mara kama linalofutwa na kidole gumba, na mtoto anacheka kwa kutekenywa, na mbavu zake zinahesabika kupitia gauni.

Sinia lilianguka.

Hospitali walimpima kila kitu wakasema haumwi. Wakamtundikia dripu, akapata nafuu ya siku chache, akirudi mgahawani anakonda upya. Faidha alijaribu kumwacha nyumbani kwa jirani, mtoto akalia mpaka akazimia, akisema anachelewa kibandani. Kisha akaanza kukohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu mzima, cha chini kabisa, kinachoishia na mluzi, na Faidha alikitambua kabla hajageuka kumtazama anayekohoa. Ndicho alichoondoka nacho Bi Esha. Alijua sasa mtoto anapelekwa wapi, na kwa njia ipi.

Julia, pamoja na rozari yake shingoni, ndiye aliyemtaja fundi Tahiri, mganga. Alimtaja kwa kunong'ona, akaomba asisemwe kanisani. Fundi alifika na bodaboda moja kwa moja kutoka mikoroshoni, kola yake bado ina vumbi la salfa ya kupulizia miti, helmeti mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kujikweza. Aliomba mlango ufungwe, Julia akaufunga akabaki nao ndani, naye akafukiza ubani, akasoma aya zake mpaka jasho likamchuruzika, na mtoto amelala mapajani kwa mama yake amefumba macho, hana uzito. Vioo vya mlango vikaanza kutetemeka. Moshi wa kuni ukapanda kutoka kwenye maungio ya vigae, na chini yake upawa ukaanza kukwangua.

"Wewe ni nani?" fundi akauliza.

Mtoto akajibu bila kufumbua macho, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu ambaye umri wake haukisiki.

"Mimi ni wa hapa."

"Mwache mtoto."

"Huyu si mtoto. Huyu ni Esha. Alisema anakwenda kujitazamia, atarudi. Niliangukiwa na mawe, nikamngoja. Nikasikia mnamwita kila asubuhi, Esha, Esha. Amerudi mdogo, amekonda. Ndiyo namlisha."

Fundi Tahiri aliacha kusoma. Akaweka chetezo chini, akamsogelea Faidha na kumwuliza, polepole kama anayeogopa kusikiwa na mwenye nyumba.

"Mama Esha, mlipozika, nani alikuja hapa kumpa habari?"

"Kumpa nani?"

"Huyu."

Faidha akatazama sakafu. Nyumba zote zilipelekewa. Mafiga yalikuwa yameshasombwa na kifusi, na yeye alikuwa anachagua rangi ya vigae.

"Basi simfukuzi," fundi akasema. "Akifukuzwa kwa kosa lenu, ataondoka na alichokishika. Mwambie mwenyewe. Wewe ndiye mtoto wa marehemu."

Si kazi kubwa, utasema, kutamka neno. Lakini Faidha hakuwa amelitamka hata mara moja. Kwa watu alisema mama hatunaye, mama ametangulia, kisha anageukia mafundi. Sasa mwanawe anapumua kwa mluzi mapajani mwake, na kila pumzi ya mtoto ilikuwa fupi kuliko iliyopita, mpaka hofu ya kumpoteza ikaishinda hofu ya kulitamka. Akainama, mdomo karibu na vigae, akasema kwa Kimakonde cha mama yake.

"Esha amekufa. Mama yangu amekufa. Tumemzika Chilangala. Hatukukuletea habari. Tusamehe."

Kukwangua kulikoma. Kukawa kimya hata barabarani.

"Nani alimfumba macho?" sauti ikauliza.

"Sijui," Faidha akasema. "Sikuwepo."

Haikumlaumu. Afadhali ingemlaumu. Mtoto alilegea, akapiga chafya, akafumbua macho, akaomba ugali kwa sauti yake ndogo, na Julia akatoka mbio kuutafuta. Na chini yao, kutoka duka la simu mpaka kwa muuza kuku, kukapita kilio kirefu cha mwanamke anayepewa habari ya kifo, kilio kile cha kwanza ambacho huku kila mtu anakijua. Watu walitoka kwenye fremu zao wakasimama na mikono kichwani, bila kuuliza ni nani.

Faidha alimtazama mwanawe akimeza tonge. Kisha akageuza viti vyote juu ya meza, akatandika mkeka juu ya vigae, akakaa, akajifunika khanga. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, nyuma ya mlango wa kioo. Wanawake wa fremu zile wakaanza kuingia mmoja mmoja, wanavua viatu, wanakaa, hawasemi kitu. Fundi alivaa helmeti yake akaondoka kimyakimya.

Jioni ilipokaribia, Faidha alisikia mtu anakaa nyuma ya bega lake, karibu sana, ubaridi wake unapenya khanga. Alikuwa analia kuwashinda wote. Julia, aliyekaa mbele akiangalia kule, alipauka akainamisha macho. Faidha hakugeuka. Alisogea kidogo, akampa nafasi mkekani.