Sauti Iliyonitoa Golini

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Mimi ni golikipa. Nadaka na hijabu yangu na suruali ndefu, na sioni haya kulisema!

Baba alifariki nikiwa mdogo, sina kaka wala dada. Mama hakunikataza mpira. Alisema maadamu nasali na naheshimu watu, nicheze.

Nilichumbiwa na kijana nitakayemwita Mahmud, mpishi katika hoteli moja ya Ras Kitau. Mpole, mcheshi, hakosi mechi zangu. Nikipangua penalti, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Mngekuwa mimi, mngemshuku?

Ndipo ukajengwa ule uwanja mkubwa Nairobi kwa ajili ya mashindano ya Afrika. Kabla ya mashindano ikapangwa mechi ya wasichana, Pwani na bara, ili uwanja ujaribiwe. Nikachaguliwa golikipa wa kwanza! Mama alilia kwa furaha. Mahmud alitabasamu... kisha akaniuliza kama mechi itaonyeshwa kwenye televisheni. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, akanitakia heri.

Asubuhi ya mechi alinitumia dua kwa simu, kwa sauti yake mwenyewe. Nikaitikia amina.

Jamani, uwanja ule! Nyasi laini, viti vinapanda mpaka shingo inauma kuvitazama. Nilikwenda golini nikaushika wavu mpya, nikamshukuru Mola. Sikujua kwamba sitasimama hapo tena.

Tuliporudi kubadilisha nguo, nikamkuta mwenzangu amevaa jezi ya golikipa. Kocha wetu, mama mmoja mkali lakini mwenye huruma, akanivuta pembeni.

"Pole, Zuhura. Kakako ametuma ujumbe. Familia imekukataza kucheza."

Kaka gani? Nikamwomba anisikilizishe. Akabonyeza simu... "Mimi ni kakake Zuhura. Hatukubali msichana wetu aonekane na dunia nzima akijirusha chini. Mkimchezesha, tutawashtaki."

Ilikuwa sauti ya Mahmud. Sauti ile ile iliyoniombea dua asubuhi!

Nilimpigia mama hapo hapo. Alipiga ukelele uliosikika chumba kizima: "Mimi ndimi mamake! Hana kaka huyo! Mwanangu nateze!" Yaani, mwacheni acheze.

Kocha aliniomba radhi machozi yakimlengalenga. Lakini majina yalikuwa yameshafika kwa waamuzi, na langu halikuwepo hata kwenye benchi.

Nilikaa jukwaani, nimevaa buibui juu ya nguo za mpira. Tulifungwa bao moja, mpira ukipita juu ya vidole vya mwenzangu. Sisemi ningeudaka. Nasema nilistahili kuurukia mimi!

Nyumbani nikakuta maneno yamenitangulia. Eti nimeachwa nje ya timu kwa sababu ya kiburi. Nani aliyeyaeneza? Yeye yeye! Na juu ya hayo, akaleta wazee wake nyumbani kwetu kupanga tarehe ya harusi.

Niliingia ukumbini bila kuitwa. Nikatoa salamu, nikaweka simu katikati ya mkeka, nikaucheza ule ujumbe ambao kocha alinipa. Mamake Mahmud alijifunika uso kwa leso. Wazee walitazamana.

"Nakupenda, Zuhura," Mahmud akasema. "Niliogopa ukishaonekana kule, hutarudi kwangu."

"Ningerudi," nikamjibu. "Sasa ndipo sirudi."

Ami yangu, nduguye marehemu baba, alinisihi nisamehe, eti mwanamke wa kujirusha mchangani ataolewa na nani? Nikamwambia, Ami, nimemsamehe, lakini siolewi naye. Zawadi zao zote zikarudi kwao. Usiku huo nililia mpaka macho yakavimba, kwa sababu nilikuwa nampenda yule mtu... Kesho yake, baada ya Alasiri, nilikwenda mazoezini.

Dada zangu, msidanganyike na mwanamume anayewashangilia mkiwa chini yake. Mtazameni siku mtakapopata jambo kubwa kuliko lake. Akianza kunyamaza, amkeni mapema, msingoje kama mimi! Nanyi makocha, akija mtu kusema kwa niaba ya msichana, muulizeni msichana mwenyewe kwanza. Ana mdomo wake.

Wananiuliza kama najuta kwenda Nairobi. Sijuti hata kidogo! Nikiitwa tena, nitapanda basi siku hiyo hiyo, na safari hii atakayenikataza aje anitazame usoni aniambie.