Programu Iliyonyamazishwa

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kwanza kwa Shangazi. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaketi mbele ya kompyuta ya zamani, kwenye kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kamba. Jina la Chiriku alipewa na Babu kwa sababu ya maneno yake mengi. Mama yake aliapa kwamba hata usingizini binti huyo hakupumzika. Mahali pekee palipomfunga mdomo ni chumba cha Shangazi cha kurekodia. Kuta zake zilifunikwa mablanketi na magodoro makuukuu ili kelele za mtaani zisiingie.

Shangazi alikuwa fundi wa sauti, na kazi aliyoipenda kuliko zote ni vitabu vya kusikiliza, alivyovitengeneza kwa ajili ya shule ya watoto wasioona. Msomaji wake alikuwa Babu, yaani baba yake mwenyewe, mwalimu mstaafu. Kabla ya kufanyiwa upasuaji wa koo, Babu aliketi chumbani humo akasoma kitabu kizima cha sayansi. Kila alipofika kwenye picha alisita, akaieleza kwa maneno yake: mbegu inavyopasuka, mwezi unavyoonekana. Upasuaji ulikwenda salama na Babu akapona, lakini sauti yake haikurudi. Sasa alinong'ona tu.

Ilibaki kuisafisha kazi hiyo: kukata ukimya mrefu mwanzoni mwa kila sura na kupandisha sauti kidogo. Shangazi alikwisha kumfundisha Chiriku kuandika amri katika dirisha jeusi la kompyuta, moja baada ya nyingine. Chiriku, asiyependa kurudia jambo, akatunga programu fupi ya kuzikusanya amri zote, ili mashine ipite yenyewe sura hadi sura. Shangazi alicheka akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kisha akamwonya ajaribu kwanza kwa faili moja, na kila kilichosafishwa kiwekwe kwa jina jingine.

Chiriku aliitikia, akajaribu. Mambo mawili yakamuudhi. Folda ilianza kujaa mafaili pacha, na mashine ilikuwa na malalamiko kama mama mkwe: kwa kila faili ilitoa mstari wa onyo, mara sauti imezidi hapa, mara imekatika pale. Basi akabadilisha. Akaiagiza programu ihifadhi kila sura kwa jina lake lile lile. Kisha akaongeza kipande kidogo mwishoni mwa amri, cha kutupilia mbali maonyo yote yasionekane. Mwisho kabisa akaiambia mashine ikimaliza iandike "Tayari". Akabonyeza.

"Tayari," ikaandika mashine, kabla hata hajaondoa kidole.

Ilikuwa haraka mno. Chiriku akafungua sura ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Akatazama ukubwa wa mafaili: sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini.

"Vipi, za Babu zimekwisha?" Shangazi aliuliza kutoka jikoni.

"Tayari, Shangazi."

Neno lilimtoka lenyewe. Alijiambia atatafuta dawa kimyakimya, na ikishindikana atasema kesho. Kesho ikaja, akasema kesho kutwa. Wakati huo shule yao ilikuwa na mdahalo, na Shangazi akampa kinasa sauti kile kile alichotumia Babu ili akaurekodi. Chiriku akaurekodi wote, pamoja na makofi. Wenzake walishangaa kumwona hatanii mtu.

"Chiriku leo kameza jiwe?" mmoja alimtania.

Siku moja alasiri Babu alikuja. Alivuta kiti karibu na kompyuta, akainama mpaka sikioni mwa mjukuu wake ili asikike.

"Niwekee sura ya kwanza, mwanangu. Kidogo tu. Nimeanza kusahau nilikuwa nasikikaje."

Chiriku alishika kibodi bila kubonyeza chochote. Angeweza kusema kompyuta imeharibika. Angeweza kusema faili liko kwenye kompyuta nyingine. Aliutazama mshono wa upasuaji shingoni mwa Babu, machozi yakamlenga.

"Babu, sauti yako imefutika. Nimeifuta mimi."

Babu alikaa akiutazama mkono wake mwenyewe, halafu akagonga meza, na Shangazi akaja.

Shangazi hakufoka. Aliuliza tangu lini, akajibiwa kabla ya mdahalo. Akauliza ni kadi ipi ya kumbukumbu iliyotumika kurekodi mdahalo. Chiriku akaichomoa kwenye kinasa sauti, akampa.

"Ni hii hii?" Shangazi akaketi taratibu. "Haya. Sura za Babu zilirekodiwa humu, kisha nikazihamishia kwenye kompyuta. Faili ukilifuta kwenye kadi haliondoki papo hapo. Linabaki palepale mpaka kitu kipya kikalie juu yake. Siku ile ile ungeniambia, tungeyarudisha yote."

Akaweka kadi kwenye kompyuta, akawasha programu ya kuokoa mafaili. Sura zikarudi moja moja, na sauti nene ya Babu ikajaa chumbani. Mwenyewe alisikiliza huku amefumba macho. Zikafika sura za mwisho. "Sasa utazame mwezi," Babu alisema ndani ya spika, "si kwa macho, kwa..." Pale pale makofi ya mdahalo yakavuma. Kuanzia hapo hapakuwa na Babu tena.

Chiriku alilia kwa kwikwi. Babu akamvuta kwake.

"Wanasema majuto ni mjukuu," alinong'ona. "Wangu amekuja na majuto yake mkononi. Afadhali huyo kuliko asiyekuja."

Kisha Shangazi akaifungua ile programu. Akatengeneza nakala ya sura moja, akakiondoa kile kipande cha kuficha maonyo, akabonyeza. Safari hii mashine ilisema: sauti imekwisha kabla ya wakati wake. Akamweleza Chiriku kwamba amri ilifungua faili ili iliandike, na kwa kulifungua ikalifuta kabla haijamaliza kulisoma. Sawa na kumwaga maji ili upate ndoo ya kutekea maji yale yale.

"Ilikuambia kwenye sura ya kwanza," alisema. "Ungeiacha iseme, tungepoteza moja. Nami nina kosa langu: niliifuta kadi kabla ya kuweka nakala."

Sura zilizopotea alizisoma Chiriku. Babu aliketi kando yake na penseli. Maelezo ya picha yakiwa sawa, alimgusa nayo gotini mara moja, yakiwa hafifu akatikisa kichwa. Mwezi ulimshinda mara nyingi. Alichokisema Babu siku ile, hata Babu mwenyewe hakukikumbuka tena.

Siku ya kupeleka kitabu, wanafunzi wa shule ile walikaa wakisikiliza kwa utulivu. Sauti ya mzee ilipokoma na ya msichana kuanza, mtoto mmoja akainua kichwa.

"Yule babu ameenda wapi?"

Shangazi alimgeukia Chiriku.

"Yupo hai," Chiriku alisema. "Alisoma mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyepoteza sura zake, na nilichelewa kusema."

Yule mtoto akageuza kichwa upande iliko sauti yake. "Basi wewe soma polepole," akasema. "Yeye alikuwa anatusubiri."

Njiani kurudi, Shangazi alimshika Chiriku mkono.

"Kukosea si ajabu, mwanangu. Mimi mwenyewe nilijifunza kazi kwa kukosea. Lakini kosa likisema, lina dawa. Ukilinyamazisha, linaendelea kula gizani, na siku utakapowasha taa utakuta limebakiza makombo. Mashine ikilalamika, isikilize. Moyo wako ukilalamika, usikilize zaidi."

Walipofika, Chiriku aliifungua programu yake. Akarudisha maonyo yote, akaongeza amri ya kutengeneza nakala kwanza. Halafu akashuka mpaka mstari wa mwisho, akalitazama neno "Tayari" alilokuwa ameliandika kwa mkono wake, akalifuta.