Miaka Sita ya Biira Niliyoiita Yangu

Nina miaka arobaini na minne, nauza vitenge hapa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Haya ninayoyaeleza niliyafanya kwa akili zangu timamu, kwa hiyo wasomaji wenzangu, msinihurumie.

Mdogo wangu Biira hakumaliza shule. Alipotaka kazi kwenye kiwanda cha pamba Kasese, nilimpa cheti changu cha shule. Miaka sita pale akaitwa Masika, jina langu. Alipopata kitambulisho cha taifa akaandikishwa upya kiwandani kwa jina lake, akafanya mingine sita.

Kisha kiwanda kikapunguza watu... Karani akamweleza kwamba fidia inakatwa kodi, ila aliyemtumikia mwajiri mmoja miaka kumi au zaidi, robo ya fidia yake haiguswi. Kwa jina lake Biira alikuwa na miaka sita tu! Kodi ikikatwa kwenye fidia yote, pesa hazingetosha kukomboa shamba la mama kule Mahango, tuliloliweka rehani mama alipougua. Aliyetukopesha alitupa mpaka Jumapili.

Alhamisi Biira akaja Bwera, akapiga magoti. "Dada, kuja tu useme ile miaka ni yangu."

Nikakubali. Lakini mume wangu, mtu wa Butembo, Kongo, akaninong'oneza, "Jina iko yako. Basi na feza iko yako." Tamaa ya fidia ya miaka ile ikaniingia. Kwa nini sikuziba masikio?

Ijumaa karani akauliza ni nani alifanya kazi ile miaka ya kwanza. Biira alinitazama, ametulia kabisa. Nikasema kwa macho makavu, "Ni mimi."

Akaniuliza msimamizi wangu alikuwa nani. Sikulijua jina lake... Nikamgeukia Biira anisaidie. Akageuza uso dirishani.

"Mimi nitaandika ile iko kwa karatasi," karani akasema, akafunga faili. Biira akabaki na miaka sita, kodi ikakatwa kwenye fidia yote. Mimi sikupata hata shilingi. Jumapili shamba likaenda.

Wenzangu, msiazimane majina kazini. Na kama ndugu yako alishatoa jasho kwa jina lako, siku ukiulizwa sema ukweli, hata kama anayekunong'oneza ni mume wako.

Mama sasa anaishi kwa Biira, chumba kimoja cha kupanga. Hajui nilichofanya. Nikienda, Biira ananipa kiti, ananimiminia chai. Mama humwambia, "Shukuru dada yako. Alikupa hata jina lake."

Biira hujibu, "Ndiyo, mama."