Kijiko ya Mwisho

Hii haikunifikia mimi. Ilifikia rafiki yangu Kavuo, na hajapata kuisimulia bila machozi.

Ilikuwa wakati ya vita. Mama yake alilala ku kliniki moja ya mutu binafsi, Butembo. Walimuchunga vizuri: chumba yake mwenyewe, shuka safi, na infirmière Clémence, muuguzi mwenye maneno ya upole. Lakini chakula, kama hospitali zote za kwetu, garde-malade, ndugu anayemuchunga mugonjwa, ndiye anapika.

Mama alipenda uji, lakini hakuwa anaimaliza. Tangu Kavuo mutoto, kijiko ya mwisho anaisukumia pembeni ya bakuli: "Hii ya mutoto wangu."

Muchana ule Kavuo alikuwa nyuma ya kliniki, anakoroga uji, masasi ya bunduki ikaanza kulia. Sentinelle, mulinzi wa kliniki, akafunga madirisha yote ya mabati, groupe ya umeme ikazimika. Kavuo akaingia na bakuli, akipapasa ukuta mpaka ku kitanda.

"Mama, kula kidogo."

Giza tupu. Mama alikula. Kavuo alisikia meno ikigusa kijiko, koo ikimeza polepole. Kisha vidole vya baridi vikamutoa kijiko mu mukono, ikakwaruza ndani ya bakuli.

Masasi iliponyamaza, Clémence akaingia mbio, akafungua dirisha.

"Kavuo, pole! Mama alituacha wakati ulikuwa unapika. Tulimupeleka ku morgue, nyumba ya maiti, masasi ikatufungia kule."

Kitanda ilikuwa godoro tupu, bila shuka.

Kavuo akaangalia bakuli. Uji iliisha. Ilibakia kijiko moja tu ya uji, imesukumwa pembeni.